Acha Jitu Liwe Jitu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mbele ya darasa la kidato cha nne hapa Nakuru, chaki mkononi, tukisoma "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed. Tulikuwa tumefika pale jitu linapoingia katika mkahawa wa Mzee Mago, mtaani Madongoporomoka, likafyeka kila kilichopikwa, kisha likaaga kwa ahadi kwamba kesho litarudi na litataka zaidi. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, usiku huo jitu lililala wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nilikuwa na silabasi inayonikimbiza na mtihani wa mwigo umekaribia, nikamwambia hilo halitahiniwi. Nikageukia ubao, nikaandika: jitu = tamaa ya wenye nacho. Wakanakili. Kengele ikalia.

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na mengi nimeyajibu vizuri. Hilo moja nililijibu vibaya, nalo ndilo ninalolikumbuka. Yule binti alikuwa anasoma hadithi. Mimi nilikuwa nasahihisha mtihani ambao haujafanywa. Basi nawaandikia ninyi ambao mmetoka shule na mngali mnaamini kwamba hadithi fupi ni adhabu yenye kurasa, na pia ninyi ambao mnazipenda hizi hadithi za giza, za mizimu, za vitu visivyowezekana, lakini hamjui mnazipendea nini na mnaona haya kidogo kuulizwa.

Ushauri wangu ni kichwa cha makala haya. Mtu akikuletea jitu, usikimbilie kuuliza linawakilisha nini. Uliza lina uzito gani. Uliza benchi lililia vipi lilipokaliwa, sufuria ilikuwa na nini, na mpishi alisimama wapi akitazama kazi yake ya alfajiri ikiishia kinywani mwa mtu mmoja. Kaa hapo. Maana itakuja yenyewe, na ikija bila kuitwa huja na nguvu. Mkazi wa Nakuru ambaye amewahi kuona vibanda vya barabarani vikibomolewa alfajiri, mabati yakilia chini ya mashine na mama mmoja akikusanya sahani zake za plastiki, hahitaji mwalimu wa kumweleza kwa nini mabuldoza yanafuata nyayo za jitu katika hadithi ile. Lakini atahisi tu ikiwa kwanza alikubali kuogopa tumbo lenyewe. Aliyeandika alama ya usawa ubaoni hakuogopa kitu. Alitatua fumbo, akafunga kitabu, akaenda kula chakula cha mchana.

Mwandishi mwenyewe ametupa kidokezo tangu zamani. Said Ahmed Mohamed alizaliwa Unguja mwaka 1947, na wengi wetu tulimjua kwanza kwa riwaya kama *Asali Chungu* na *Utengano*, ambazo zina giza lakini ni giza la mchana: unyonyaji, ndoa mbovu, nyumba zenye siri. Mwaka 1985 akatoa mkusanyiko wa hadithi fupi akauita *Si Shetani si Wazimu*. Tazama jina hilo. Kwetu mtu akiona kisichoonekana, majirani hugawanyika mara mbili: wa kwanza watasema amepagawa, wa pili watasema kichwa kimeruka. Jina la kitabu linakataa milango yote miwili. Si hiki, si kile. Basi ni nini? Mwandishi hajibu, na ladha yake imo humo, katika kuachwa umesimama ukumbini huku milango yote imefungwa.

Linganisha na mzee wetu mwingine wa Zanzibar, Muhammed Said Abdulla. *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960, inaanza na maiti mahali pa mizimu, na msomaji anatetemeka, lakini kuna Bwana Msa, mpelelezi, na akili yake, na mwishowe tunagundua kwamba mkono uliofanya kazi ni wa binadamu. Naipenda riwaya hiyo. Ni starehe ya kuona taa ikiwashwa chumba baada ya chumba. Ila ni starehe nyingine kabisa, na ukimsoma Said A. Mohamed huku unamsubiri Bwana Msa aje awashe taa, utamaliza ukiwa umekasirika. Jua unaingia nyumba gani.

Sasa namna ya kusoma. Hadithi moja kwa kikao kimoja, basi. Mtu anayemaliza tatu mfululizo kwenye matatu kutoka Naivasha atashuka stendi akiwa amechanganya wafu wa hadithi ya kwanza na walio hai wa hadithi ya tatu. Hadithi fupi ya giza hufanya kazi baada ya kufungwa. Inahitaji usiku mmoja wa kukusumbua. Isome jioni, kwa sauti ikiwezekana, hata kama msikilizaji wako ni paka. Kiswahili cha Unguja kimeandikwa kwa sikio, na sentensi ambayo machoni inaonekana imejaa mno, kinywani hupata pumzi yake.

Na hapa niseme wazi, maana wengi huishia hapa. Sisi wa bara tukimsoma mwandishi wa visiwani tunakwaa maneno. Kiswahili chetu cha Nakuru kimetengenezwa sokoni, kwenye reli na shambani, baina ya watu ambao kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake. Kinatosha kununua viazi na kuposa mke, lakini hakina majina ya sehemu zote za jahazi. Usifungue kamusi katika usomaji wa kwanza. Weka alama ya penseli, pita. Mtoto anayesikiliza ngano hajui nusu ya maneno na bado analala amejifunika kichwa. Kamusi ifunguliwe kesho yake asubuhi, kwa chai.

Kitu ambacho hupaswi kufungua kabisa ni mwongozo. Mnaijua ile miongozo: jalada linalong'aa, muhtasari wa kila hadithi, maudhui kwa nambari, sifa za wahusika, mbinu za lugha, na dondoo zilizokwisha kujibiwa. Siwalaumu wanaoinunua: Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi mtihanini, ni Karatasi ya Tatu, na mzazi aliyelipa karo anataka alama. Lakini aliyesoma mwongozo wa "Tumbo Lisiloshiba" ameelezwa tu jinsi mtu mwingine alivyoshiba.

Nimekuwa nikisema visiwani, visiwani, kana kwamba miujiza iliishia Mombasa. Msomaji wa Bonde la Ufa ana bahati ambayo haithamini: amelala juu yake. Panda Menengai siku ya ukungu. Lile shimo lina upana wa kilomita 12 hivi, na wenyeji wamelihofu muda mrefu kuliko mji wenyewe umekuwapo. Jina lake kwa Kimaa wengi hulifasiri kwa habari ya maiti. Wakikuyu walipaita mlima wa *ngoma*, yaani mizimu. Inasimuliwa kwamba katika vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, karne ya 19, Ilpurko waliwasukuma mashujaa wa Ilaikipiak kutoka ukingoni, na kwamba mvuke unaotoka chini ni roho zao zinazotafuta njia ya kupanda. Utasikia pia habari za mtu aliyeshuka kutafuta ng'ombe akazunguka mchana kutwa akirudi pale pale, na za shamba linaloonekana humo ndani ambalo halina mwenye kulima.

Halafu, kuanzia mwaka 2011, mitambo ikaanza kuchimba visima humo humo kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Nawaomba mwangalie jambo hili bila kucheka na bila kupiga ishara ya msalaba. Mvuke ni ule ule. Mhandisi anaupima kwa geji. Mzee aliyeketi ukingoni na fimbo yake anasema wale ni vijana wanapumua. Mwandishi mbaya angemfanya mzee mjinga au mhandisi kafiri. Mwandishi mzuri wa hadithi za aina hii angeyaacha yote mawili yawe kweli kwa wakati mmoja, kisha akawasha balbu katika nyumba fulani ya Kiamunyi na kutuacha tuitazame inavyofifia na kuwaka, kufifia na kuwaka.

Kama unadhani kuipokea hadithi ya mizimu kama ilivyo ni mchezo wa watoto, nenda kaskazini kidogo, Ziwa Bogoria. Waendorois husimulia kwamba babu zao waliishi kwa anasa iliyopita kiasi hadi Mungu akachukia, na usiku mmoja ardhi ikazama na watu wake, pakawa ziwa. Roho za Waendorois wote, popote walipozikwa, huishi humo majini. Katika miaka ya 1970 serikali iliwahamisha ili kutenga hifadhi ya wanyama. Wakashtaki, kesi ikafika kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 tume ikasema haki zao zilivunjwa, ikiwamo haki ya kuabudu. Maana yake ni kwamba wanasheria waliovaa suti walilazimika kukaa na kuisikiliza habari ya kijiji kilicho chini ya maji, na kuiandika, bila kuuliza kwanza inawakilisha nini. Walifanya kile ambacho mimi nilishindwa kukifanya darasani.

Ukirudi kwa majitu, tunayo ya kutosha. Shosho yeyote wa Bahati au Njoro aliyelelewa kwa ngano atakwambia habari za *irimũ*, jitu la ngano za Wakikuyu, aliyekuja kwenye ngoma akiwa kijana mtanashati, nywele zimeangukia kisogoni, na chini ya nywele hizo kuna kinywa cha pili. Wanandi wana *chemosit*. A. C. Hollis alimwandika katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, na kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Huimba msituni; watoto wakiona ule mwanga wakisikia na wimbo hudhani kuna ngoma, wakaufuata. Makalio tisa! Hapo watoto hucheka, na ni vizuri wacheke, kwa maana kicheko huwafungulia mlango na mwanga mwekundu ukapita. Angalia jinsi mwenye hadithi alivyopanga. Said A. Mohamed naye hufanya vivyo hivyo: jitu lake lina jambo la kuchekesha, ulaji wake ni wa katuni, hadi dakika unapogundua kwamba mkahawa mzima umenyamaza.

Kuna sababu nyingine ya kuzipenda hadithi hizi, na ni ya hapa hapa. Nakuru na Naivasha zina mambo ambayo majirani hawayasemi. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu wa mtaa mmoja waliulizana makabila yao kwa panga, na leo watu wale wale wanakutana sokoni, wanasalimiana, wanaulizana bei ya vitunguu. Ukiandika jambo hilo kwa taarifa ya habari, kila msomaji atatafuta kwanza jina lako la pili ajue uko upande gani. Ukiandika habari ya kijiji ambapo kila usiku milango hubadilishana nyumba, na asubuhi mtu hujikuta analala katika kitanda cha aliyemfukuza, watasoma hadi mwisho. Ken Walibora na Said A. Mohamed walipohariri *Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine*, iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa, walitia humo "Gilasi ya Mwisho Makaburini" ya Alamin Mazrui, hadithi ya wanywaji katika baa iliyo jirani na makaburi. Wanafunzi wangu waliokuwa wakisinzia katika hadithi nyingine waliamka katika hiyo. Nadhani waliona mtu mzima hatimaye amekiri kwamba wafu hawako mbali na meza yetu.

Mzazi mmoja wa kanisani kwetu alinisimamisha baada ya ibada. "Mwalimu, haya mambo ya majini si mnawafundisha watoto ushetani?" Sikumcheka. Mama huyu alikuwa anaogopa jambo la kweli kwake, na mtu anayeamini majini yapo ni msomaji bora wa hadithi za majini kuliko mimi ninayeyaita mbinu ya lugha. Nilimwambia aisome yeye kwanza. Huo ndio ushauri wangu kwa kila mzazi: soma kwanza, peke yako, halafu amua. Mtoto wa miaka saba mpe irimũ wa shosho, anayeshindwa mwishoni. Wa gredi ya nane anaweza kuachwa na mwisho ulio wazi. Yule ambaye amezika mtu mwaka huu, mngoje; atakuja mwenyewe kukiomba kitabu au hatakuja.

Si kila giza ni zuri, hata hivyo. Simu zetu zimejaa visa vya nyoka wanaotapika noti na wanafunzi waliogeuka paka, na vingi ni takataka. Njia ya kupambanua ni rahisi. Katika kisa kibovu, jini huja kumwokoa mwandishi aliyekwama: hajui amfanyie nini mume katili, basi jini linamnyonga, tumemaliza. Katika hadithi nzuri muujiza huja mapema, na kazi yote ni kuona watu wa kawaida watafanya nini kwa kuwa umekuja. Katika *Babu Alipofufuka*, riwaya ya Said A. Mohamed ya mwaka 2001, babu anafufuka ili amkabili mjukuu wake, mkubwa mmoja aitwaye K, aliyenona kwa ufisadi. Kufufuka kwa babu si mwisho wa jambo. Ni kubishiwa hodi.

Mnaniuliza vitabu viko wapi. Vitabu teule vya shule vinapobadilishwa, vya zamani hubaki bila wenyewe, na siku hizi *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, utaipata kwa bei ya chapati chache kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba. Nunua nakala iliyochorwachorwa. Utasoma pia maoni ya binti fulani pembeni mwa ukurasa, na mara nyingi ana akili kuliko mwongozo. Ulizia pia katika maktaba ya umma ya mjini Nakuru. Mikusanyiko ya Said A. Mohamed mwenyewe, *Sadiki Ukipenda* na *Arusi ya Buldoza*, inahitaji kutafutwa kwa subira. *Nagona* na *Mzingile*, riwaya za Kezilahabi, ziache kwanza, hata kama ni vitabu vyembamba. Ni kama kuingia Menengai bila kiongozi. Nilizisoma mapema mno nikazichukia kwa miaka kumi bila kosa lake.

Na ukishazisoma, andika. Usianze na mzimu. Anza na kitu ambacho kila mtu wa hapa anakijua mpaka amekichoka. Ziwa Nakuru, kwa mfano, lilipanda miaka ya 2010 likameza lango kuu la zamani la mbuga. Mweke mlinzi ambaye bado anakwenda kazini kwenye lango lile lile kila asubuhi, sare yake imepigwa pasi, viatu vimelowa. Usieleze. Mwandikie mshahara wake, tarehe anayolipwa, na nani anayemsainia. Anayesoma ataanza kuuliza magari gani yanapita hapo chini, nawe usimjibu.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuja kunitembelea kutoka Molo. Stima ilikuwa imepotea tangu magharibi. Nikamsomea "Tumbo Lisiloshiba" kwa tochi ya simu, nikiruka hapa na pale, hadi pale jitu linapoaga. Alinyamaza. Nikangoja, na alipokuwa hasemi kitu nikamuuliza mimi.

"Unadhani usiku huo lililala wapi?"

"Si lilisema litarudi kesho, mjomba?"

"Ndiyo."

"Basi halikwenda mbali."

Nikaamka, nikaenda kuangalia kama mlango wa nyuma una komeo.